Wingi wa Wifi

Jibu la msajili lilikuwa fupi, na Redio alilisoma mara mbili kwa sauti kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyemwamini. Jina la kampuni limekataliwa. Neno "wifi" linahusu huduma za mtandao. Waombaji walete kwanza kibali cha mamlaka ya mawasiliano, au wachague jina jingine.

"Mtandao?" Fundi aliuliza, mkasi umesimama katikati ya kitambaa. "Sisi tunashona mapazia."

"Usiniambie mimi. Waambie wao."

Redio aliitwa Redio kwa kuwa tangu utotoni hakujua kuzima mdomo. Yeye ndiye aliyezunguka kwenye nyumba za watu kupima madirisha na kutafuta wateja. Fundi alikata na kushona. Kazi yao ilikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake Redio. Fundi aliingia nyumba ile akiwa mke wa kaka mtu. Ndoa ikavunjika, kaka mtu akaoa kwingine, Fundi akapanga chumba mtaa wa pili. Lakini kila asubuhi alirudi kwenye cherehani yake kana kwamba talaka ilikuwa ya usiku tu, na Mama akaendelea kumwekea chai pale pale pembeni ya meza ya kukatia.

Habari ya kampuni ililetwa na hosteli ya wauguzi. Walitaka mapazia ya vyumba vyote, ila wao huandikiana mkataba na kampuni, si na mtu na wifi yake. Redio akaenda kuulizia, akarudi na maneno mapya mdomoni: wakurugenzi, hisa, kampuni yenye ukomo wa dhima.

"Yenye ukoma?" Mama alishtuka. "Mungu apishe mbali! Nani kawaambukiza?"

"Ukomo, Mama. Ukomo! Yaani dhima yetu ina mwisho. Kampuni ikishitakiwa, inashitakiwa kampuni. Hawaji kubeba kitanda chako."

"Si ungesema hivyo. Na huo mwisho uko wapi?"

"Kwenye hisa zetu. Hapo ndipo wanapokomea."

"Aa," Mama alisema, akaliweka neno lile kama mtu anayeweka kifungo kilichookotwa: hujui ni cha nguo gani, lakini hukitupi.

Fundi naye alilipenda neno hisa. Walikubaliana nusu kwa nusu. Mtu akimuuliza siku hizi anafanya nini katika nyumba ya aliyekuwa mumewe, hakuwa na jibu la kusimama nalo. Hisa ingekuwa jibu. Jina lenyewe, Wifi na Wifi, Redio ndiye aliyelitoa. Walikuwa wameshalichora kwenye ubao na kuutundika mlangoni bila kumsubiri msajili, na kumbe mtaa uliwahi kuelewa kama msajili alivyoelewa: tangu siku ya kwanza vijana walikuja kukaa kwenye ngazi na simu zao, wakichungulia ndani kuomba neno la siri.

"Neno la siri ni 'leta kitambaa'," Fundi aliwajibu. Mmoja aliliandika kwenye simu, akajaribu, akalalamika kwamba halikubali.

Jumamosi kaka mtu alipita kumwona mama yake. Alisikia habari ya jina, akacheka mpaka akashika mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kila kitu kikae kwenye rafu yake, na Fundi alikuwa kitu kilichobaki kwenye rafu ya zamani.

"Hata mashine ya serikali imekataa," alimwambia dada yake. "Wifi yako yuko nyumbani kwangu. Huyu ni fundi, tena fundi mzuri, simkatai. Lakini hisa ni mali, dada'angu. Chumba ni cha Mama, wifi ni jina la ukoo. Andika wewe, Mama na mimi. Huyu mlipeni kwa kila pazia."

"Nipo hapa hapa," Fundi alisema.

"Ndiyo maana naongea polepole. Sikufukuzi."

Fundi alingoja Redio aseme neno. Redio, aliyeweza kubishana na muuza nyanya mpaka nyanya ziive, alikuwa anakunja futi ya kupimia. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mama alikuwa dirishani akichambua pete za pazia, nzima huku, zilizopinda kule. Kaka mtu akaaga.

Jumapili Fundi hakuja. Alikaa kwake akifikiria namna ya kuihamisha cherehani bila kelele, na nani angemsaidia kuibeba.

Jumatatu Redio alimgongea asubuhi. "Vaa viatu. Twende kwa msajili."

"Kuandika jina la kaka yako?"

"Vaa viatu kwanza."

Ofisi ya msajili ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa mnyororo na feni iliyokuwa ikisukuma joto kutoka upande huu hadi ule. Zamu yao ilipofika, karani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwasukumia fomu.

"Kila kitu kiko sawa isipokuwa jina. Andikeni jingine hapo juu."

Redio alimpa Fundi kalamu. Fundi aliitazama fomu kabla hajaandika. Chini ya wenye hisa kulikuwa na watu wawili tu. Hamsini, hamsini. Wino ulikuwa ule ule wa mwanzo, hakuna kilichofutwa.

"Mbona juzi ulinyamaza?" aliuliza.

"Ningefungua mdomo ningemtukana kaka yangu mbele ya mama yangu. Redio nayo huzimwa, wifi, isije ikaungua."

"Alisema mimi si wifi yako."

"Talaka yako aliandika yeye. Mimi nimekuandikia?"

"Hapana."

"Basi andika jina, watu wanasubiri."

Fundi aliandika polepole, kama anayechora chaki kwenye kitambaa cha mteja. Karani akavaa miwani.

"Mawifi. Dada zangu, si yale yale?"

"Si yale yale," Fundi alisema. "Ya mtandao haina wingi. Ulishasikia mtu anasema, nitafutie mawifi, nimeishiwa bando?"

Karani alifikiri. "Sijasikia." Aliandika kwenye kompyuta, akangoja, akainua nyusi. "Limepita. Mawifi wenyewe ni nyinyi? Wifi ni yupi sasa?"

"Wifi hawi mmoja," Fundi alisema. "Mimi wake, yeye wangu."

Karani akagonga muhuri.

Cheti kilipotoka walikitundika juu ya meza ya kukatia, na ubao wa mlangoni ukapakwa rangi upya. Vijana wa simu wakahamia kwingine. Siku kitambaa cha hosteli kiliposhushwa, kaka mtu alifika, akasimama mlangoni akisoma cheti kwa mbali.

"Kwa hiyo mmeongeza 'ma' tu?"

"'Ma' tu," Redio alisema.

Akainua mguu kuingia. Mama, aliyekuwa dirishani na pete zake, alimwita kwa jina la utotoni.

"Chumba hiki nimewapangisha kampuni, mwanangu. Nao wameniambia kampuni yao ina ukomo. Mimi nimeulizia ukomo wa kila mtu. Wako ni hapo kwenye zulia la mlangoni."

Kaka mtu aliangalia miguu yake. Kiatu kimoja kilikuwa kimekwisha kulikanyaga. Akakirudisha.

"Mke wangu anataka mapazia," alisema hatimaye. "Ya sebuleni."

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Dirisha lina upana gani?"

"Sijui."

"Wifi," Fundi aliita, "chukua futi. Una mteja."