Muhuri wa Idjwi

Alhamisi saa nne asubuhi, Epiphanie alikuwa akipangusa glasi za mvinyo katika mkahawa wa Kiitaliano pale Durban, mahali alipofanya kazi kwa mwaka wa sita, Fabien mpishi alipomwambia ana karatasi shingoni.

"Mama Epiphanie, iko kitu hapo."

Akaenda kujitazama kwenye kioo cha chooni. Ukanda mwembamba wa karatasi ulikuwa umeota kwenye ngozi, chini ya sikio hadi begani. Ulikuwa na namba, nembo, na maandishi madogo: *Asili imelindwa na kuthibitishwa. Bugarula, kisiwa cha Idjwi, mteremko wa mashariki.* Ndiko alikozaliwa.

Ulifanana na ule unaopita juu ya kizibo cha Barbera d'Asti, mvinyo mwekundu wa vilima vya Asti. Epiphanie aliwaeleza wateja kila siku: mvinyo wa kwingine hauruhusiwi kuitwa kwa jina hilo, hata uwe mtamu vipi, na ukanda ndio ushahidi.

"Umekukaa vizuri," Fabien akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Mchana mteja mmoja aliuona ukanda, akamwomba ainame ili yeye ausome.

"Idjwi. Pakoje huko?"

"Jua likichomoza linaanza na sisi," Epiphanie akajibu. "Ndiyo maana ndizi zetu zina utamu ule."

Akammiminia bila kumwaga tone.

Jumatatu alikwenda ofisi ya vibali vya wakimbizi. Kwa miaka tisa faili lake lilibeba sentensi ile ile: asili ya mwombaji haijathibitishwa. Safari hii hakujifunga kitambaa shingoni, ili ukanda uonekane. Afisa, mama mwenye miwani, alitia mate kidole gumba, akausugua ukanda. Haukufutika. Akaingiza namba kwenye kompyuta, akasubiri.

"Ni halisi," akasema. "Hata mteremko umetajwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi tuukate niubandike kwenye faili." Akatoa mkasi kwenye droo.

Epiphanie akarudi hatua moja nyuma. "Ukanda huu hukatwa chupa inapofunguliwa, mama. Mimi sikuja kunywewa."

Afisa hakukasirika. Alieleza tu kwamba fomu haina nafasi ya shingo. Akarudisha mkasi, akagonga muhuri kwenye kibali: miezi sita mingine, asili haijathibitishwa.

Epiphanie akakitia kibali mkobani, akatoka. Nje foleni ilizunguka jengo. Mzee mmoja wa Bukavu, Barthélemy, aliyewahi kuwa mwalimu, akamsimamisha.

"Binti yangu, wamekuandika nini?"

"Kama zamani, papa. Lakini soma hapa."

Akageuza shingo. Barthélemy akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, asiruke hata namba. Alipofika Bugarula, watu wakaacha kuzungumza.

"Soma tena, mwalimu," mwanamke mmoja akaita kutoka nyuma. "Huku hatukusikia."

Akasoma tena. Epiphanie alisimama wima, kidevu juu. Hakuwa na haraka. Zamu yake ingeanza saa kumi jioni.