Jina la Tandala

Asikudanganye mtu kwamba jina ni maneno tu. Asubuhi ile jina moja lilimfanya binti wa idara ya mauzo aiache chai yake ipoe mezani.

Gari aina ya Tandala lilikuwa limeacha kuundwa miaka ishirini nyuma. Lilikuwa dogo, lenye pua nyembamba, na likipanda kilima lilinguruma kama mashine ya kusaga. Sasa kiwanda kilikuwa kimeunda krosova, gari la juu, pana, la kubeba familia na mizigo yake, na ni binti huyu aliyesimama mkutanoni akasema lipewe jina lile la zamani. Wakubwa wakakubali kwa sharti moja: waitwe wenye Tandala kuukuu, walitazame, waliendeshe, waandike maoni. Wengi wakikataa, jina linafutwa na gari linapewa namba. Namba, kama mfungwa!

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba mwenyekiti wa chama cha wenye Tandala alikuwa baba yake mzazi, fundi makanika, na hakuwa amemwambia wazo lile ni la nani.

Wakafika kumi na tisa, wamependeza kama wanaokwenda kuposa. Fundi alikuja na mkewe, mama wa binti. Wakalizunguka gari ukumbini, mikono nyuma.

"Hili ni kabati," alisema dereva mmoja mstaafu.

"Kabati lenye taa," akadakia mshona viti.

Fundi alifungua boneti, akakuta mfuniko wa plastiki mtupu. "Injini mmeificha kwa nini? Ina aibu?"

Ikaja zamu ya kupanda, wanne wanne. Hapo sasa! Bawaba za Tandala ya zamani hulegea mapema, hivyo kila mwenye nayo amezoea kuuinua mlango kwa goti kisha kuupiga kwa nyonga. Basi watu wazima wale, heshima zao zote, waliuinua mlango mpya kwa goti na kuupiga nyonga bila hata kujijua. Meneja alifumba macho kila ulipolia.

"Wazee wako wana ugomvi na mlango?" alimnong'oneza binti.

"Hapana, bosi. Wanausalimia."

Walizunguka mtaa mara moja, wakaomba ya pili. Ya tatu hawakuomba, walikwenda tu. Mke wa fundi alikaa kiti cha mbele tangu zamu ya kwanza, akanyoosha miguu na kugoma kushuka hata gari liliporudishwa ukumbini.

Lakini kuandika, hakuna aliyeandika. Watu hawa walijiunga ili kutafutiana vipuri, na kwao mwenyekiti akisema kipuri ni feki, hanunui mtu. Karatasi zote zikabaki tupu zikimsubiri yeye.

"Gari ni zuri, uongo dhambi," fundi alisema. "Lakini si Tandala. Halifanani nayo hata ukucha. Aliyelipa jina hili amechukua nguo ya marehemu akamvisha mpita njia."

Binti aliutazama mlango wa kutokea. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Baba, ni mimi niliyelipa jina hilo."

Fundi alimtazama kama aliyeambiwa gari lake limeibwa.

"Wewe?"

"Mimi. Herufi za kwanza nilizosoma maishani ni zile za nyuma ya gari letu, nimechuchumaa, wewe uko uvunguni unalitengeneza. Sikutaka jina lile life, baba."

"Nimekuelewa, mama," fundi alisema taratibu. Kalamu hakuigusa. "Ila siwezi kuandika nisichokiamini kwa sababu wewe ni mwanangu."

Mkewe akateremsha kioo cha dirisha. "Mume wangu, hebu tukumbushe. Binti yako ana jina la nani?"

"La mama yangu. Hata wewe unajua."

"Na siku alipozaliwa ulisemaje?"

Fundi akajikuna kidevu. Mama yake alikuwa mfupi, mwenye ulimi mkali. Mtoto alizaliwa mrefu, mpole, sura yote ya ukeni.

"Nilisema hafanani naye. Nikataka tumpe jina lingine."

"Nani alikukatalia?"

"Mama mwenyewe." Sauti ikamshuka. "Alimpakata, akasema, 'Mimi nampa jina. Sura atafute mwenyewe.'"

Akamwinulia macho bintiye. Msichana alikuwa amesimama wima mbele ya bosi wake na mbele ya baba yake, na macho hakuyaangusha. Fundi alimjua mwanamke mmoja tu aliyesimama hivyo, na alikuwa amemzika kwa mikono yake. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akachukua kalamu na kuandika kwa herufi kubwa: *Halifanani hata kidogo. Liiteni Tandala.*

Wale kumi na wanane wakainamia karatasi zao, wengine wakichungulia ya mwenyekiti kama wanafunzi. Binti alilia kwa furaha mbele ya meneja, wala hakujifuta machozi.