Wengine, Mmoja

Gari la matangazo lilisimama mbele ya duka la vitambaa la mkwe wangu wakati nimeshika kipande cha shuka, nakikagua kwenye mwanga. Mjukuu wetu alikuwa chini ya meza ya kukatia, anaokota vipande na kuongea. Tunamwita Kasuku kwa sababu hiyo. Akiamka anaongea, akila anaongea, hata usingizini utamsikia anabishana na mtu.

Kasuku ni mtoto wa binti yangu na wa kijana wa mwenye duka hili. Wazazi wake wanafanya kazi mji mwingine, huja mwisho wa mwezi. Analala kwangu, na akitoka shule anashinda hapa kwa bibi yake wa pili. Sisi ni watu wa mtoni, weusi tii, tuliokuwepo tangu mji huu haujawa mji. Mkwe wangu ni wa ng'ambo. Babu zao walishuka melini wakafungua maduka. Nywele zao zinalala zenyewe. Zetu zinasimama. Za Kasuku bado hazijaamua.

Mtangazaji akakohoa kwenye kipaza sauti, akaanza kusoma matokeo ya sensa. Watu wa mtoni ndio wengi. Wanafuata wa mlimani, kisha watu wa reli, ambao babu zao waliletwa kutandika reli, kisha wa ng'ambo. Kila kundi likitajwa kuna waliopiga makofi, utadhani ni mpira.

"Na mwisho," akasema, "wengine: mmoja."

Kinyozi wa jirani akatoka na wembe mkononi. "Mmoja? Jamani, huyo mmoja ni nani? Ajitokeze nimnyoe bure!"

"Atakuwa yule mbuzi wako," akajibu mteja wake kutoka kitini, povu nusu uso. "Kabila lake halijulikani, wala tabia yake."

Barabara nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Kasuku alicheka kuliko sote, mpaka akagonga kichwa kwenye meza.

Asiyecheka alikuwa karani wa sensa, aliyekuwa amesimama pale dukani ananunua vifungo. Ni kijana mpole. Siku aliyokuja kutuhesabu alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mume wangu, ambaye ni fundi viatu, alipokuwa anahangaika na soli ngumu, kijana alimshikia mpaka mshono ukaisha ndipo akauliza maswali yake. Sasa alikuwa anamtazama Kasuku, halafu anatazama vifungo.

"Wewe ndiye uliyehesabu!" Kasuku akamrukia. "Unamjua! Tuambie ni nani!"

"Simjui."

"Unamjua, masikio yako yanatoka jasho!"

Karani akamgeukia mkwe wangu, sauti imeshuka. "Mama, mlisema wenyewe. Babu yake, fundi viatu, aliniambia huyu mtoto ni wa ng'ambo. Kwa kuwa anashinda hapa, nikaja kuhakikisha, na wewe ukaniambia ni wa mtoni. Nikarudi kwa babu, akashikilia lilelile. Ningefanya nini mimi?"

Shuka lilinidondoka mkononi, na wala sikuinama kuliokota. Kicheko changu mwenyewe cha muda mfupi uliopita kilikuwa bado kimenikaa shavuni, nikatamani kukifuta.

Mkwe wangu alikuwa na mkasi mkubwa mkononi. Ulibaki wazi hivyohivyo.

"Nilisema kwa heshima," akaninong'oneza. "Mkwe wangu, ninyi ndio mnaomlea. Mnamwogesha, mnamlaza, mnaamka naye akiumwa. Ningesema ni wangu si ingekuwa kama nawanyang'anya?"

Kasuku akatoka chini ya meza taratibu, vipande vya kitambaa vimejaa mkononi.

"Mmoja ni mimi?"

Kinyozi nje alikuwa bado anamsaka mmoja wake kwa sauti kubwa, mpaka alipochungulia ndani na kutuona. Akamrudia mteja wake, na nikamsikia anamwambia, "Kaa kimya wewe, nitakukata."

"Kesho mwalimu anatupanga mistari uwanjani," Kasuku akasema. "Kila mtu asimame na watu wa kwao, ili tuone mji wetu ulivyo. Mimi nitasimama wapi?"

Jioni ile Kasuku alikula bila kusema neno. Mume wangu aliweka kijiko chini akanitazama kama mtu aliyesikia mashine imezimika. Nikampeleka uani, nikamweleza yote.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikuwahi kumwona mzee yule akipauka.

"Mke wangu, mimi nilidhani natenda wema," akasema. "Sisi wajukuu tunao, wamejaa mpaka majina tunayachanganya. Yule mama hana mwingine, ni huyu tu. Nikasema nimwachie, aandikiwe yeye, afurahi."

"Na yeye amekuachia wewe."

"Loo!" Akajishika kichwa. "Loo! Tumempitisha mtoto katikati akaanguka."

Nilimwambia asubuhi nitakwenda kwa mwalimu nimwombe aache mambo yake ya mistari. Alichukua kiatu kisicho na kasoro yoyote, akaanza kukigonga.

Asubuhi nilimsuka Kasuku, nikamshika mkono tukaenda. Kwa kawaida njia hiyo ananieleza kila mbwa na ukoo wake. Siku ile nilisikia kandambili zangu tu.

Tulichelewa, mwalimu alikwishaanza. Uwanja ulikuwa umechorwa mistari minne mirefu ya chokaa, na watoto wamejipanga juu yake wanasukumana. Mwishoni, karibu na bomba, kulikuwa na mstari wa tano, mfupi, wa kutosha miguu miwili. Habari za dukani zilikuwa zimeshamfikia mwalimu. Si mtu mbaya yule. Alikuwa amepafagia hapo vizuri, hata akaondoa kokoto. Nafikiri hilo ndilo lililonikata maini kuliko yote.

"Njoo binti, nafasi yako hii hapa," akamwita kwa upole.

Kasuku hakwenda. Vidole vyake vilinibana mpaka pete ikaniuma. Watoto mia na ushee wakamgeukia.

Nilikuwa ndio nafungua mdomo kuongea na mwalimu pale mume wangu alipoingia langoni. Alivaa koti lake la harusi, na nyundo imechomoza mfukoni, nadhani alisahau kuitoa. Akapita mstari wa watu wa mtoni, watu wetu, bila hata kuwatupia jicho. Akaenda moja kwa moja mstari wa ng'ambo, akasimama katikati ya vitoto vyeupe vyenye nywele za kulala, kifua mbele.

Mwalimu akabaki na kipande cha chokaa hewani. "Mzee, shikamoo, lakini..."

"Marahaba. Endelea na kazi yako, mwalimu."

Hata hatujapumua, nikasikia mlango wa chuma wa duka la mkwe wangu, hatua chache kutoka shuleni, ukiteremshwa kwa kishindo. Mlango ule haufungwi mchana, haukufungwa hata siku alipofiwa na kaka yake. Akaja karibu anakimbia, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, akajipenyeza kwenye mstari wa watu wa mtoni. Alikuwa mweupe pale kama jino.

Nawaapia, hawakuwa wamepanga. Kila mmoja alikwenda kumshikia mtoto nafasi upande wa mwenzake. Kisha wakainua macho, wakaonana.

"Mkwe!" mume wangu akapaza sauti. "Unafanya nini kwetu?"

"Na wewe unafanya nini kwetu?"

"Mimi nimekuja kusimama na mjukuu wako!"

"Na mimi na wako! Rudi kwenu!"

"Rudi wewe kwanza!"

Uwanja mzima midomo wazi. Mtoto wa kinyozi akawa wa kwanza kucheka. Kasuku alimtazama babu yake, akamtazama bibi yake, akarudia tena. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

"Bibi," akasema, "hawa wazee wamekosea mistari wote wawili." Kisha akacheka, kile kicheko cha chini ya meza. "Babu! Utawachafua kwa rangi ya viatu! Bibi Dukani, vuta tumbo, unawasukuma!"

Akaniachia. Alikwenda kwa babu yake akasimama mbele ya koti lile, anamrekebishia kola na kumsimanga. Mwalimu alipogeuka kuandika idadi yao kwenye ubao aliouleta uwanjani, akakimbilia mstari wa mtoni, akamshika bibi yake tepu. Mwalimu alipogeuka tena, akavuka tena. Hakuna mtoto aliyemsemea.

Mwalimu akamaliza kuhesabu mstari kwa mstari, akajumlisha, akakunja uso. Akahesabu upya. Uwanjani kulikuwa na mtoto mmoja zaidi ya waliomo shuleni, na kule kwenye bomba hapakuwa na mtu.