Mkate Mfukoni mwa Marlis

Bwana Volkmar, msomi aliyekuwa akikusanya hadithi za kale, alipokuja kutoka mjini mara ya pili, alileta karatasi safi na furushi dogo la kahawa, na Ottilie akampokea kwa moyo mkunjufu. Alikuwa hodari wa kusimulia na alilijua hilo. Wanawake waliokusanyika kusokota kitani walimwachia kiti cha karibu na jiko, na sasa hata wasomi walifunga safari kuja kumsikiliza.

Hadithi aliyompa Volkmar mara ya kwanza ilikuwa ya watoto wawili walioachwa msituni mwaka wa njaa. Hakuitoa mbali. Alikuwa na miaka saba mvua ilipoozesha shayiri shambani, na mama yake akampeleka yeye na kaka yake kwenye miti minene, akawaambia wamngoje. Yeye alirudi, kaka yake hakurudi. Kitu pekee alichobuni ni mchawi wa kwenye hadithi. Mengine yote aliyaona kwa macho yake.

Marlis alikaa kwenye kigoda akitafuna mkate. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, na Ottilie aliolewa na baba yake miaka miwili iliyopita. Muda wote huo mtoto alimwita Bi Ottilie, kwa adabu iliyoumiza. Wiki iliyopita tu, akisinzia mezani, ndipo alipomwita mama. Ottilie hakumwambia mtu, ila siku hizi alikuwa akiimba peke yake kisimani.

Volkmar akasoma hadithi kama alivyoiandika. Alisoma vizuri, na Ottilie alikuwa akitabasamu mpaka walipofika msituni. Aliyewashika watoto mkono hakuwa mama tena. Alikuwa mama wa kambo.

Marlis aliacha kutafuna. Taratibu akakitia kipande kilichobaki mfukoni mwa aproni yake. Siku hiyo walikuwa wamepanga kwenda msituni kuokota kuni, wao wawili. Ottilie aliuona mkono ule mdogo ukiingia mfukoni.

Akauliza nani kaibadilisha hadithi yake. Volkmar, bila haya, akaeleza kwamba kitabu kitanunuliwa na akina mama wa mjini, nao hawatapenda kuwasomea watoto wao habari za mama mzazi wa namna hiyo.

"Ahaa. Ili wao wasiudhike, mimi ndiye nigeuzwe zimwi?"

"Si wewe, Bi Ottilie. Ni hadithi tu."

"Hadithi tu, na mwanangu huyo hapo kashaficha mkate. Lete kalamu."

Hakupandisha sauti. Kwa kuwa hakujua kusoma, alimtaka amwonyeshe neno lenyewe, na bwana mkubwa, pamoja na elimu yake yote, akalionyesha kwa kidole. Ottilie akalikata mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

"Huko kwenu andika utakavyo, siwezi kukuzuia. Humu ndani ni mama."

Kisha akamgeukia Marlis. Akamwambia kwamba yule wa hadithini alikuwa mama aliyemzaa yeye Ottilie, na kwamba alimpenda, hata hivyo akawaacha yeye na kaka yake, kwa sababu mkate uliobaki ulimtosha mtu mmoja.

Marlis akafikiri. "Na sisi tukibaki na wa mtu mmoja?"

"Utaula wewe. Mimi na njaa tunajuana tangu zamani."

Mtoto akautoa mkate mfukoni, akaupuliza vumbi, akaula wote. Alipomaliza, akaenda kutafuta viatu vyake vya msituni.