Wamebaki Wangapi?

Asubuhi droo ilikuwa na vijiko sita. Jioni Mwalimu alipoifungua ili akoroge chai alikuta vinne, akajua mtoto amefika kwenye somo la kutoa.

"Mama, nimepata!" binti yake alipaza sauti kutoka sebuleni, kishikwambi mapajani. Wembamba wake ulimpatia jina la Kipenseli.

"Nimeona," Mwalimu akajibu, akakoroga chai.

Chaki aliiacha miaka minne nyuma, alipoajiriwa na kampuni iliyokuwa ikitengeneza mkufunzi wa akili mnemba, wa kumchorea kila mtoto somo lake peke yake. Watu wa pale walizijua kompyuta. Watoto, hata wa kwao, hawakuwajua. Wakamwomba kanuni, akawapa mbili. Mfundishe mtoto kwa vitu vya nyumbani kwake, si kwa matofaa ya kitabuni ambayo hajawahi kuyang'ata. Na usimwache mpaka apate, hata akikosa mara mia. Yeye mwenyewe, na darasa lake la watoto tisini, hiyo ya pili ilimshinda. Chombo hicho, ambacho sasa kiko kwenye kishikwambi cha kila mtoto, kiliishika tangu siku ya kwanza.

Jumanne mtoto alipata tena, vikatoweka viti viwili. Jumatano, kuku. Mtaani wengi walikuwa wameshazoea kukalia ndoo.

"Wa kwako kafika wapi?" jirani alimuuliza bombani.

"Kutoa makumi."

"He! Basi shoga, kahesabu mabati."

Alhamisi, akitoka kazini, Mwalimu alikuta ndala za Bibi, mama yake mzazi, mlangoni na miwani yake juu ya redio. Redio ilikuwa bado inasoma taarifa ya habari. Swali lilihusu watu tu, ndiyo maana vitu vyake vilibaki.

"Watatu toa mmoja," Kipenseli alisema kwa sauti ndogo. "Nilipata mara ya kwanza, mama. Kikanipa nyota."

Mwalimu hakumgombeza. Jibu lilikuwa sahihi. Alizima redio, akazipanga ndala vizuri, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia.

Kesho yake alimwendea Bosi wa kampuni.

"Kimemtoa mama yangu."

"Pole sana, Mwalimu. Lakini hebu tazama." Bosi alimgeuzia skrini, ambako mstari wa alama ulipanda kama ngazi. "Binti yako alikuwa anaburura mkia. Sasa ni wa tatu."

"Basi kirudi kwenye kujumlisha."

"Muhula wa kujumlisha ulipita, na sikumbuki kama ulikuja hapa kulalamika. Unaofuata ni wa kugawanya."

"Angalau kiwe kinakata tamaa. Mtoto akikosa mara tatu, kimwache."

Bosi alicheka kwa upole. "Si ni wewe uliyekataa? Tena uligonga meza, chai yangu ikamwagika."

Shuleni madaftari yalishaondolewa. Kazi yote ya nyumbani ilikuwa humo kwenye kishikwambi. Jioni ile skrini ilichora sebule yao, na pazia lake, na ufa wa ukutani, na watu wawili mezani.

"Nyumbani mko wawili. Akitoka mmoja, wanabaki wangapi?"

"Sema wawili," Mwalimu alinong'ona.

"Lakini mama, si ni..."

"Sema wawili, mwanangu."

"Wawili."

"Umejitahidi," chombo kilisema, kwa sauti iliyorekodiwa kutoka koo la Mwalimu mwenyewe. "Tujaribu tena." Kikachora upya, mchoro mkubwa zaidi, mpaka kifungo kilichokosekana kwenye sweta la Mwalimu kikaonekana kukosekana.

Hii ni wiki ya tatu. Kila jioni Mwalimu hutoka kazini mbio ili awahi kukaa kando ya mtoto. Kila jioni Kipenseli hukosa. Darasani amerudi kuburura mkia na wenzake wanamzomea. Chombo hakichoki, wala hakimkaripii.

Jana kalamu ilianguka, Mwalimu akainama chini ya meza kuiokota. Huko chini, mkono wa binti yake ulikuwa umetulia mapajani, vidole vinne vimekunjwa, kimoja kimesimama.

"Umejitahidi," sauti ya Mwalimu ilisema kutoka kwenye kishikwambi juu ya meza. "Tujaribu tena."