Mashine Iliyoshonewa Nguo

Siku ya saba mpimaji wa hewa alifika mapema kuliko kawaida yake, ndiyo maana akaikuta mashine imevaa nguo.

Ilikuwa palepale alipoiacha, kwenye roshani ya ghorofa ya pili, ikinguruma taratibu. Lakini kuanzia kichwani hadi miguuni ilikuwa imevishwa gauni la bitana ya bluu, limeshonwa likakaa sawasawa, lina mpira chini na tundu dogo la kupitishia waya wa umeme. Hata pindo lilikuwa limekunjwa mara mbili, kazi ya mtu anayejiheshimu.

"Karibu, mwanangu," alisema mwenye chumba, mjane ambaye jengo zima lilimwita Mama Cherehani. "Leo umeniwahi. Huwa naivua kabla hujaja, nisionekane najifanya mjuaji."

"Inavaa tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyoniachia. Si ulisema ni ghali, niitunze kama mboni ya jicho? Na vumbi la hapa unalijua mwenyewe."

Alilijua. Ng'ambo ya ukuta, hatua kumi tu kutoka roshanini, lilikuwa linapanda jengo kubwa: maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kupanga juu. Walikata mawe bila maji kuanzia asubuhi, na mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imeegeshwa chini ya madirisha ya watu. Vumbi liliingia kwenye nyuzi, kwenye maji ya kunywa, kwenye vifua. Mama Cherehani alikuwa ameshalazimika kufua upya magauni mawili ya harusi ya wateja, na usiku alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha tu kikohozi kinamkaba.

Wapangaji walilalamika mara tatu ndipo ofisi ya mazingira ikaamuru hewa ipimwe. Vumbi likizidi kiwango, mkandarasi angelazimika kufunga nyavu, kukata mawe kwa maji na kuhamisha mashine ya zege. Lisipozidi, kazi ingeendelea hivyohivyo miaka miwili mingine.

Mpimaji aliivua mashine gauni lake, akafungua kifuniko na kutoa karatasi ya kuchujia. Ilikuwa nyeupe. Viatu vyake mwenyewe, vilivyopanda ngazi dakika tano zilizopita, vilikuwa na vumbi kuliko karatasi iliyokaa pale wiki nzima.

"Umeona?" alisema Mama Cherehani. "Haikuchafuka hata kidogo."

Mpimaji alikosa moyo wa kumwambia. Siku ya kwanza alimwaga maneno makubwa juu ya chembechembe na kipenyo chake, mama wa watu akaitikia kwa adabu, na lile moja dogo, kwamba mashine lazima ivute hewa kama mtu, hakulisema. Alikuwa na haraka. Na tangu hapo kila siku ya pili alikuja, akaona namba kwenye kioo cha mashine ni ndogo kupita kiasi, akazinakili na kwenda zake. Lilikuwa kosa lake mwenyewe, wala hakuwa na wa kumsukumia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Ofisini alimweleza bosi kila kitu. Bosi alisikiliza huku akichovya mkate kwenye chai.

"Tuirudie," alisema mpimaji. "Wiki moja tu."

"Aliyetuajiri ni mkandarasi, na mkutano ni leo saa tisa. Nimwambie nini, kwamba mtaalamu wangu hakuona gauni siku saba?" Alijifuta vidole. "Karatasi imetoka nyeupe, andika nyeupe. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, au nimesahau?"

Hakuwa amesahau. Mpimaji akaandika.

Saa tisa wapangaji walijaa kwenye ukumbi wa shule ya jirani, wamekalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Afisa wa mazingira alisoma matokeo kama anayesoma orodha ya vifaa. Vumbi lilikuwa chini ya kiwango, chini sana. Watu wakaguna.

"Mashine ilikaa kwa nani?" aliuliza afisa. "Athibitishe kwamba haikuchezewa."

Mama Cherehani alisimama, amevaa vizuri kwa ajili ya siku hiyo. "Ilikaa kwangu. Hakuna aliyeigusa. Niliishonea nguo, nikaifunika usiku na mchana, vumbi lisiiharibu."

Wachache walicheka. Fundi redio wa ghorofa ya chini hakucheka. "Samahani," alisema. "Kama ilifunikwa, ilikuwa inavuta nini?"

Mama Cherehani akamgeukia fundi redio, kisha mpimaji, na mkono wake ukapanda polepole mpaka mdomoni. Ndiyo kwanza alikuwa anaelewa.

"Mtaalamu," alisema afisa, "hilo linaathiri matokeo?"

Mpimaji alimtazama bosi. Bosi alikuwa anatazama simu yake. Mpimaji akamtazama Mama Cherehani, ambaye alikuwa bado amesimama mbele za majirani zake wote.

"Haliathiri," alisema.

Afisa akagonga muhuri. Fundi redio alitoka bila kuaga, na wengine wakamfuata wakinung'unika.

Mpimaji alirudi jengoni kuchukua mashine, na Mama Cherehani akamkuta mlangoni, chini ya ngazi. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nilidhani nimewaponza wenzangu," alisema. "Moyo ulinipasuka pale. Umenisitiri, mwanangu, Mungu akulipe."

Mpimaji angeweza kumwambia ukweli hapohapo; hapakuwa na mtu wa kuwasikia.

"Usijali, mama," alisema.

"Basi njoo uchukue mali yako."

Mama Cherehani akatangulia. Alipanda ngazi nne akapumzika, akapanda tatu akapumzika tena, akishikilia ukuta na kukohoa. Mpimaji alibaki chini, anaona haya hata kumfuata.