Ndege wa Sikio la Rwegoshora

Asubuhi ile ya mwaka 1978, kule Nyakasimbi, Rwegoshora aliosha miguu kwa maji ya moto, akasugua visigino kwa jiwe, akaingia ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi. Dada yake Jovitha alikuwa anaposwa. Wakwe wangefika kesho yake mchana, na rubisi ni lazima ilale usiku mmoja ndipo iwe pombe. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri shimoni, nyasi zimekatwa, mtama umekaangwa. Katika nyumba yao mguu ulioanza kukanyaga ndio unaomaliza. Ukiingia mguu wa mtu mwingine pombe ile imeharibika, hakuna mkwe wa kuigusa.

Alikanyaga mpaka povu likaanza kutoka. Halafu magari ya jeshi yakapita barabarani yakielekea Murongo, na ndege wakatoka katika sikio lake la kushoto wakayafuata. Walikuwa ndege wadogo wa kahawia, wale wa kawaida wanaokula mtama. Rwegoshora akashuka mtumbwini akawafuata, miguu inanata. Magari yaliwashinda mbio. Ndege wakatua kwa fundi baiskeli, naye akasimama hapo akishika spoku moja moja. Kisha wakaona watu wanachimba kisima, akawasaidia kuchimba, akaondoka kabla ya maji.

Aliporudi jioni ya siku ya pili, ndizi zilikuwa zimechacha na wakwe walishakunywa maji wakaenda zao. Posa ya Jovitha iliondoka nao.

Baba yake, mzee Cassian, alikuwa amekaa uani na wazee wa ukoo.

"Ulikwenda wapi?"

"Kutazama magari, tata."

"Magari yamepita jana."

"Halafu nikaona fundi baiskeli."

"Mvivu wewe," alisema mzee Cassian, akawageukia wazee. "Mmesikia. Kibanja changu ni cha Projest."

Projest, mdogo wake Rwegoshora, akapiga magoti akashukuru. Huko mtu asiye na kibanja hana pa kujenga wala pa kuzikwa, kwa hiyo siku ile Rwegoshora alinyang'anywa vyote viwili kwa sentensi moja.

Neno lenyewe, mvivu, halikuwa geni kwake. Shuleni mwalimu alimchapa kwa sababu ya hesabu alizoanza bila kumaliza, na fimbo zilipoanza ndege walikuwa wakiruka, wanakaa kwenye kenchi hadi kengele. Mwalimu aliwaona. Alimwambia kiranja afunge madirisha, akaendelea kuchapa.

Miaka ikaenda. Alibeba mizigo mpakani Murongo, mingine ikifika, mingine akiisahau njiani. Alioa kijijini Bugomora. Nyumba aliijenga mpaka usawa wa dirisha, mke akangoja paa masika na vuli, akarudi kwao.

Mwaka 1994 wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, Rwegoshora alipata kibarua cha kushusha magunia ya mahindi kambini. Ndege wakawa wanatoboa magunia, na msimamizi akampeleka kwenye hema la hospitali. Daktari alikuwa mwanamke Mzungu. Muuguzi mkimbizi, Nyirabageni, ndiye alikuwa akitafsiri. Daktari alimulika sikio kwa kurunzi yake ndogo, akaangalia kwa muda, akaanza kuuliza. Je, anapoteza vitu? Anaanza kazi bila kuimaliza? Rwegoshora alikuwa akijibu swali kabla halijaisha.

"Subiri basi, baba," Nyirabageni akacheka. "Hata halijatoka mdomoni."

Daktari akazima kurunzi.

"Anasema una kiota."

"Najua."

"Anasema ni cha tangu kuzaliwa. Akili yako haikai pale ulipoiweka, inaruka. Kwao wako wengi wa namna hii, watoto na watu wazima. Ina jina refu la kizungu. Dawa yake huku haijafika. Ila anasema si uvivu."

"Mwambie arudie."

"Si uvivu."

"Tena."

"Baba, foleni ni ndefu."

Alikwenda Nyakasimbi siku hiyohiyo kwa miguu. Njia nzima alifunika sikio la kushoto kwa kiganja, maana ndege wakitoka tu, angeishia kwa fundi baiskeli.

Mzee Cassian alikuwa amekufa zamani, amelala chini ya migomba. Wazee walikaa, baba mdogo Athanasi akiwaongoza. Jovitha, ambaye hakuposwa tena, aliwamiminia rubisi. Kwa Rwegoshora alileta maji tu.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Rwegoshora. "Nimepimwa. Haukuwa uvivu." Akaondoa kiganja.

Ndege wakatoka, wakazunguka ua, wakatua kwenye mibuni.

"Ni wale wa mtama," alisema Athanasi.

"Ndio hao," alisema mzee mwingine.

Mama yao, Kemigisha, aliongea bila kuacha kusuka mkeka. "Mimi nawajua tangu ananyonya. Walikuwa wakinichungulia. Hakuna aliyeniuliza."

Rwegoshora akaomba sehemu ndogo nyuma ya makaburi, ya kujenga chumba, na siku ikifika ya kulala.

"Kaka, ndege nimewaona," alisema Projest. "Lakini mzee alisema nini?"

"Neno la marehemu nani atalifuta?" alisema Athanasi. "Angekuwepo, tungemweleza habari za ndege."

"Angesemaje?" aliuliza Rwegoshora.

"Angesema, mvivu mwenye ndege."

Wazee wakacheka. Rwegoshora naye alicheka kidogo, maana mzee Cassian kweli angesema hivyo hivyo.

Wakakata shauri. Ndege, kwa kuwa walizaliwa katika nyumba ile, wanayo haki ya kibanja. Watatua watakapo, na mtoto asiwapige manati. Projest alikubali, alisema hawali sana. Rwegoshora atapewa kibarua cha kupalilia, kwa ujira wanaopewa wakimbizi.

Anapanga chumba kando ya barabara. Jioni ndege wanarudi sikioni, na kila mmoja ameshika mdomoni chembe ya udongo wa kibanja, au uzi mkavu wa mgomba. Wamebeba hivyo misimu mingi. Sikio la kushoto limeziba kabisa. Akililalia ananusa samadi na majani ya migomba ya baba yake, na siku mvua ikinyesha Nyakasimbi, mto wake unalowa.

La kulia ni zima. Kwa hilo anamsikia Projest vizuri kutoka upande wa juu wa shamba:

"We mvivu! Jembe umeliacha wapi?"